Kofia Nyekundu Chini ya Meza

Bati lililochomwa na jua kutwa nzima, kisha likapigwa na matone ya kwanza ya mvua, lina harufu yake. Ndiyo harufu ya darasa letu nilipokuwa wa miaka minane hapa Merrylands, mtaa wa ughaibuni tulikohamia. Kilikuwa kijumba cha bati kilicholetwa na lori, kikawekwa juu ya vigingi pembeni ya uwanja. Walisema ni cha muda tu. Kiangazi kile joto lilitupika humo mpaka siagi ikayeyuka kwenye mikate yetu. Nyumbani, Mama alishika desturi za kwao Uvira: radi ikinguruma, anafunika kioo na televisheni kwa kitenge, anatufokea tuvue chochote chekundu, eti radi inapenda nyekundu. Na kofia za shule yetu zilikuwa nyekundu! Basi alasiri moja, mbingu zilipogeuka kijani kama maji ya bwawa, nilivua yangu nikaificha chini ya meza. Rafiki yangu Wanjiku, Mkenya asiyeacha kitu kipite, akacheka. “Kwani hiyo radi ina macho? Itauliza nani amevaa nini?” Lakini na yeye akavua yake.

Mwalimu alituambia tuingie chini ya meza, mikono kichwani. Hapakuwa na pengine pa kwenda. Upepo ulikuja ukizunguka, na ngurumo kama ya treni inayopita katikati ya darasa. Nikaona mwanga mahali ambapo mwanga haukutakiwa kuwa: paa lilikuwa limeinuka upande mmoja kama kifuniko cha mkebe. Mvua ya mawe ikaingia. Kipande cha dari kikampasua Wanjiku juu ya jicho, nami nikaziba jeraha kwa kofia yangu, nikaibana hapo mpaka ikawa nzito mkononi. Hakulia. Alinitazama tu, kama anayeuliza watu wazima wamekwenda wapi.

Mama alikuja kwenye mkutano wa wazazi na sare yake ya kazi ya ghala, akauliza swali moja, mimi nikimtafsiria: “Upepo ukirudi, watoto watakimbilia wapi?” Mkubwa mmoja akajibu kwamba jengo imara litajengwa, fedha zinatafutwa. Mama akapiga makofi. Wazazi wetu wote walipiga. Huko tulikotoka, mkubwa akiahidi unapiga makofi, unakwenda zako nyumbani.

Leo binti yangu Neema anasoma shule ileile. Mwezi uliopita nilikwenda kusaidia watoto kusoma, nikafungua mlango, ile harufu ikanipiga usoni. Darasa lilelile! Nikatazama juu: kiraka cha dari bado kipo, wamekipaka rangi. Nikakaa kwenye kiti cha mtoto. Mkuu wa shule aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba sheria haiilazimishi shule kuwa na chumba cha kujikinga na dhoruba, na bajeti haina fungu hilo. Basi sheria ilazimishe, na serikali ilipe! Nilimwambia hivyo hivyo, na kwamba mkutano ujao nitakuja na sitampigia mtu makofi.

Jioni nikamuuliza Neema wanafanya nini upepo ukija. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba wanaingia chini ya meza. Halafu akaongeza kwa Kiswahili, taratibu, kama siri: “Na kofia navua. Bibi alisema.”

Nchi tajiri namna hii, na mpaka leo mwanangu hana kinga nyingine darasani zaidi ya ile aliyopewa na bibi yake.