Pikapu Isiyobeba Kitu

Usiku ule Marvene Schaaf hakulala. Alikaa jikoni kando ya redio ya wazimamoto, akipaka mkate siagi, akiweka nyama ya nguruwe katikati, akifunga kwenye karatasi na kupanga ndani ya boksi. Kwenye vilima vya mchanga vya Nebraska, Marekani, moto ukishika malisho, wanawake hutengeneza chakula cha wanaozima bila kuambiwa. Na wanaozima ni waume zao na watoto wao, maana mji wenye wazimamoto wa kulipwa uko mbali, na majani ya mwezi wa tatu yamekauka kama karatasi.

Mwanawe Colby alikuwa huko. Sauti yake ilikuwa imesikika mara moja tu: "Limezimika. Lori limezimika tena." Baada ya hapo redio ilikoroma tu.

Lori lenyewe alilijua. Lilikuwa chakavu la jeshi, limefungwa tangi la maji mgongoni, na lilikuwa na tabia ya kuzimika injini likipata joto. Lori la kuzimia moto lisilopenda joto! Watu walilicheka sana wakinywa kahawa dukani. Usiku ule Marvene hakuona cha kucheka.

Mumewe Delbert alitoka chumbani akichechemea kwa ile nyonga yake mbovu, akatazama boksi.

"Mama, hapo umelisha jeshi zima na farasi wake."

"Hajasema neno tena."

"Redio zao mbovu. Enzi zangu nilikuwa nabweka humo kama mbwa na hakuna aliyenijibu."

"Basi keti. Usinisimamie."

Akaketi. Hakurudi kulala, ingawa alijifanya anasoma gazeti la juzi.

Kulipopambazuka gari la Wendell Hruska, mkuu wa wazimamoto wa kujitolea, likaingia uani, na Colby akashuka. Alikuwa mweusi kwa masizi toka kofia hadi viatu. Marvene alimshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku kama anavyofanya na ndama mgonjwa.

"Nyusi zako ziko wapi?"

"Nimezisahau kwa akina Kolterman. Watazileta."

"Usinichekeshe. Nini kimetokea?"

Akaambiwa. Lori lilizimika wakati moto unakuja. Colby na mwenzake waliruka, wakakimbilia upande uliokwisha kuungua, wakalala kifudifudi. Moto ukapita juu ya lori. Kilichobaki ni chuma na rimu. Malisho ya akina Kolterman, ulikowaka moto, yamekwenda, ng'ombe wamepona.

Hruska alikula mikate miwili kabla ya kufungua mdomo kwa maneno.

"Marvene, kuna kitu nataka kuomba. Ukiamua kunifukuza, niache nimalize kahawa kwanza."

"Pikapu ya baba," akasema Marvene.

"Pikapu ya baba yako. Tangi jipya tunalo, pampu tunayo. Hatuna cha kuvibeba. Tunataka gari la springi nene, linalovuta kwa magurudumu yote, injini isiyo na kompyuta. Na lisiwe limechoka. Huku kwetu yote yamechoka, isipokuwa hilo moja."

"Litachoka vipi?" Delbert akadakia. "Halijawahi kubeba hata gunia la viazi. Mzee alilipeleka kanisani Jumapili, akaliegesha mbali na kila mtu, akalifuta vumbi kwa leso yake. Tulikuwa tunamuuliza kama nalo limebatizwa."

Hruska akacheka mpaka akakohoa masizi. Marvene hakucheka. Baba yake, Emil Pokorny, aliinunua pikapu ile alipoacha ufugaji, magoti yakiwa yamekwisha. Siku alipoileta nyumbani, ya kijani na nyeupe, alimwambia: "Kila nilichowahi kuwa nacho nimekitumikisha mpaka kikafa. Farasi, matrekta, mama yako, na mimi mwenyewe. Hiki kimoja nataka kipumzike." Tangu alipozikwa, Marvene ndiye aliyeitunza. Aliiwasha, akabadilisha oili, akaipaka nta kabla ya baridi. Ndani ya bodi yake ya nyuma, pa kubebea mizigo, rangi ilikuwa nzima kama siku ilipotoka kiwandani.

"Mtaifanya nini hasa?" akauliza.

Hruska hakumdanganya. "Tutatoboa bodi, tufunge tangi kwa bolti. Tutachomelea vyuma vya kushikilia. Na itakwaruzwa."

"Hapana."

"Fikiri kidogo."

"Wendell, nimesema hapana. Baba alitaka ipumzike."

Colby alikuwa kwenye sinki akinawa, maji yakitoka meusi. Akasema bila kugeuka:

"Mama, hii si habari ya babu."

"Ni ya nani?"

"Unadhani pikapu ikibaki bandani na mimi nitabaki nyumbani."

Marvene alikuwa amemshikia taulo. Mkono ukasimama hewani. Alitaka kumwambia aache upuuzi, lakini kijana alikuwa amelitaja jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kujitajia.

"Bora mjue wote," Hruska akasema polepole. "Nikikosa hiyo, tutafunga tangi dogo kwenye gari la Colby. Ameshakubali."

Gari la Colby! Jepesi, tumbo chini, kila wiki linakwama mchangani hata bila mzigo. Marvene alilijua kwa sauti. Akiwa jikoni alisikia linapopanda kilima cha mwisho, na alijua kama breki zimelia au hazikulia. Maisha yake yote ya umama yalikuwa hayo, kutega sikio. Homa ya usiku, basi la shule kwenye theluji, barabara yenye barafu, simu isiyolia. Alitoka nje, akasimama kibarazani kwenye upepo, amekunja mikono. Uchovu aliousikia haukuwa wa usiku mmoja. Ulikuwa wa miaka yote, umekuja kwa pamoja na kumkalia mabegani.

Aliporudi ndani, walikuwa hawajasogea.

"Pikapu ya baba ikishafungwa tangi, itakaa watu wangapi?"

"Wawili," Hruska akajibu. "Mmoja anaendesha, mmoja yuko nyuma na mpira wa maji."

"Mwendeshaji ni nani?"

"Atapatikana."

"Amepatikana."

Wakamtazama. Delbert ndiye aliyeelewa kwanza, akaweka kikombe chini.

"Marvene," Hruska akasema, "wewe huendesha kama umebeba mayai."

"Ndiyo. Na sijawahi kuingia mtaroni. Wewe umevutwa mara ngapi?"

"Baridi hii tu nimemvuta mimi mara tatu," Delbert akasema.

"Klachi ya pikapu hushika juu kabisa, na gia ya pili haitaki kulazimishwa. Baba alinifundisha mimi. Hamtaipata bila mimi. Nitakuja kwenye mazoezi kama wengine, na mtanipa koti na kofia."

"Mama, wewe unaogopa hata mafuta ya kukaangia," Colby akasema.

"Naogopa. Na moto nitauogopa vilevile, lakini niwe humo ndani nakuona. Nimechoka kuogopea jikoni."

Hruska akamaliza kahawa yake, akavaa kofia.

Walikwenda bandani wote wanne. Upepo ulikuwa umejaza mchanga kwenye reli ya mlango mkubwa wa kusukuma, na Delbert akauchimbua kwa sepetu akitukana nyonga yake. Colby na Hruska wakaweka mabega. Mlango ukagoma. Marvene akaweka lake katikati yao, na mlango ukalia, ukasogea kidogo, ukagoma tena, ukafunguka.

"Msiguse kitu bado," akawaambia. "Kuna mitego ya panya." Akaingia peke yake kuitegua.