Chuma cha Saa Kumi

Jirani yangu kocha alikufa Jumanne, wasomaji wangu, na habari ilinikuta pale mnaponijua: kwenye kiti, mbele ya mlango wangu, sijaenda popote. Ujanani alikuwa winga wa kushoto wa timu ya kampuni ya madini, na mabeki walimwogopa. Kisha akafanywa kocha, na kwa miaka yote hiyo hakuleta kombe hata moja. Kipaji cha namna hiyo ni adimu.

Mazoezi yake yalianza sireni ya kampuni ilipolia saa kumi, wafanyakazi wakitoka kazini. Si dakika moja kabla. Basi kampuni ikaanguka, sireni ikanyamaza, na bwana mkubwa kocha akawasimamisha wachezaji wake uwanjani, ng'ambo ya barabara yangu, wakingoja mlio mpaka jua likazama. Siku tatu mfululizo.

"Coach, anza tu," nikamwambia. "Sirène ilikufa."

"Haikufa. Iko inapumuzika."

Siku ya nne wawili walikuwa wameshaondoka, mmoja kuchimba Kambove, mwingine kulima Lukafu. Hapo ndipo alipokuja na kipande cha reli, akakitundika kwenye mti wangu wa avoka.

"Voisin, jirani yangu, weye hautokake hapa pa kiti. Kila saa kumi, piga."

"Na batoto bakiisha kwenda bote?"

"Bakisikia, batabakia."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi wakati mji mzima unapoteza zake. Nilipiga. Hawakubakia, bila shaka. Walipungua mpaka saba. "Na saba mutacheza nini?" nikamchokoza. "Ile yenye batu saba banaweza kucheza," akanijibu, akaenda zake kuwakimbiza. Timu ikafa hata hivyo, nami nikacheka, kwa kuwa kucheka ni kazi ya kufanya umekaa.

Alhamisi tulimzika. Walikuja wanaume wenye mvi kutoka Kambove, Lukafu na mtaa wa Annexe, wakasimama pande mbili za jeneza uani kwake, ukuta mmoja na kwangu, na hakuna aliyeinama. Mchungaji akatazama saa yake. Nikadhani wanaogopa uzito. Mmoja akanigeukia: "Papa, tunangoja weye."

Nikarudi kwangu, nikapiga chuma. Wakainama pamoja, wakamwinua.

Sisi wenye akili tulielewa mapema kwamba sireni imekufa, tukatawanyika, kila mtu na lake. Yeye hakuelewa, na ndiye aliyebebwa na watu aliowazoeza kufika pamoja. Chuma bado kinaning'inia kwangu. Siku yangu ikifika, mtu anaweza kukipiga mpaka mkono uchoke; sikumzoeza yeyote kukisikia.