Mama Nesta na Nguruwe wa Suluhu

Alizaliwa mwaka 1949 katika kijiji cha Kolofaga, kisiwani Isabel, binti wa katekista, katika ukoo ambao ardhi hurithiwa kwa mama. Nesta Havi alibatizwa kwa maji ya mto Garahi, na maji hayo aliyapigania hadi kaburini. Kaka yake Ruben, aliyekuwa msemaji tu wa ukoo, alitia saini mkataba na kampuni ya wakata magogo bila kumuuliza dada yeyote. Mvua ya kwanza ikashusha udongo mtoni, watoto wakaharisha, na Tomasi, kitinda mimba wa Nesta, akafa. Hatulainishi maneno: aliuawa.

Matanga yalipokwisha, Nesta alianza kuwafundisha watu wa kujitolea kila baada ya ibada ya asubuhi. Waliangalia tope la mto kwenye chupa za kioo, wakapanda mianzi kingoni, wakafunga vijito kwa jani la tabu, alama ya mwiko isiyovukwa, na sala ya kasisi. Jambo moja alilisahau. Kampuni ilipoleta nguruwe wa suluhu, wanafunzi wake walikula, na kwetu aliyekula amesamehe. Kesi ambayo ukoo uliifungua dhidi ya kampuni kuhusu kijito cha juu ikafa palepale, na kijito hicho kikapotea. Nesta alilia kwa hasira mbele ya altare, kisha akaongeza somo la kushinda njaa. Nguruwe wa pili alipochinjwa, aliwapeleka karamuni na viazi vyao vya kuchoma vikapuni.

"Dada, unatuaibisha mbele ya wageni," Ruben alinung'unika. "Onja hata kipande."

"Kula wewe uliyeuza. Mimi nikimeza hiyo nyama, nimemmeza Tomasi."

Ruben akawageukia wengine. "Na nyinyi, hamna njaa?"

"Tunayo, mjomba," alijibu Elda, mwanafunzi wa Nesta. "Ila si ya hiyo."

Kesi ya pili, ya mto wenyewe, ikabaki hai, na madereva wa kampuni, vijana wetu wenyewe, wakakataa kuvuka jani la tabu. Nesta alifariki kwa malaria mwaka 2003. Ruben, bila haya, akaleta nguruwe wa kampuni mazishini, akidhani maiti hakatai. Elda na wenzake walimswaga mnyama yule akiwa hai, wakamfunga mlangoni pa Ruben, wakarudi kumzika mama yao kwa karamu ya viazi. Husimuliwa kwamba mvua kubwa ilinyesha usiku ule, na asubuhi Garahi ikapita safi, mawe yote yakionekana.

Sisi tunaoimba jina lake kila mwaka, kisha tukaketi meza moja na wauza milima, tuone aibu. Anayetaka kumfuata aanze na sahani iliyo mbele yake. Airudishe.