Geti la Kelele na Kigelegele cha Mama

Mume wangu alikuwa na ugonjwa wa kuchukia mvumo. Gitaa lake la umeme lilikuwa la zamani, na akilichomeka tu kwenye spika, kabla hajagusa hata uzi mmoja, lilikuwa linanguruma ngrrr, sawasawa na friji yetu pale Lanham, huku ughaibuni. Mimi sikuona tatizo. Kitu kikiwashwa kinalia, ndivyo unavyojua kimewashwa. Yeye alisema ule mvumo unamdhalilisha mbele za watu.

Na mwanamuziki mwenyewe sasa. Siku za kazi alitengeneza kompyuta za ofisi moja Arlington, tai shingoni. Jumamosi alipiga solo kwenye bendi ya Waswahili mchanganyiko: ngoma Mkenya, besi Mkongo wa Bukavu, na yeye Mtanzania aliyejiteua kuwa mwalimu wa wote. Walipiga harusi, ubatizo, kipaimara, popote palipo na pilau.

Jioni moja akarudi na kiboksi cha chuma, cha kukanyaga kwa mguu. Akaniketisha, akanifundisha. Hii inaitwa noizi geti, mke wangu, geti la kelele. Linakaa kati ya gitaa na spika. Sauti ikija kubwa linafunguka, ikija ndogo linafunga. Kwa hiyo usipopiga, ule mvumo haupiti. Nikamwambia nimeelewa, ni kama askari wa getini kwa wakubwa: ukija na gari anakupigia saluti, ukija kwa miguu anakwambia bosi hayupo. Hakucheka. Alikuwa anasoma maelekezo.

Kiboksi kilikuwa na kitufe cha kuzungusha, ndicho kinachoamua sauti ipi ni ndogo mno kupita. Mtu mwenye kiasi angekizungusha kidogo, ananyamazisha mvumo, anaacha muziki upite. Wangu alikipeleka karibu na mwisho. Akachukua ile kucha ya plastiki ya kupigia gitaa, akazipiga nyuzi kwa nguvu kama anazidai, halafu akaacha ghafla.

"Sikia," akasema.

"Nisikie nini?"

"Ndiyo hivyo. Husikii kitu."

Basi ikawa ndiyo kazi yake. Wageni wakija nyumbani, chai haijamiminwa, wanaitwa kwenda kusikiliza kimya. Watu wazima na heshima zao wanasimama mbele ya spika, wanatikisa kichwa, wanasema kweli bwana, safi sana. Ni mpiga besi peke yake aliyekataa kusifia. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, hana haraka. Akasema, "Ndugu, hii kitu itakula muziki. Piga polepole kwanza, na vidole, tuone." Mume wangu akajibu kwamba ndugu zetu wa Bukavu wamezoea makelele, ndiyo maana kimya kinawatisha. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kiboksi kilipotoka nyumbani mara ya kwanza kilikwenda kwenye harusi ya mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa ametangulia kuolewa na kazi. Alitunza wazee mjini Columbia, zamu juu ya zamu, na harusi yake aliipanga kwenye vituo vya basi. Jambo moja tu lilimliza. Mama yetu alikuwa nyumbani Muheza na viza haikupatikana. Na kwetu, bibi harusi hapigi hatua ya kwanza mpaka mama yake atoe kigelegele. Wengine wote wanasubiri. Shangazi anaweza kuwa na mapafu ya tarumbeta, atasubiri. Kigelegele cha kwanza ni cha mama, ndicho kinachomruhusu binti atembee. Mdogo wangu alisema bila hicho ataona kama ametoroka nyumbani.

Tukapanga. Ukumbi ulikuwa chini ya kanisa, na jikoni mwake mlikuwa na simu ya ukutani yenye waya mrefu wa kujikunja, unaofika hadi kando ya jukwaa. Mama angekuja kwa jirani yake mwalimu mwenye simu. Mimi ningepiga kwa kadi ya simu za nje, nielekeze mkono wa simu kwenye spika, na mume wangu angepiga taratibu wimbo aliokuwa anatuimbia Mama akitusuka nywele. Akiusikia tu, atatoa kigelegele. Mimi ningekipokea na kukipandisha ukumbini, na mdogo wangu, aliyesimama mlangoni na shela lake, angeanza kutembea.

Siku ikafika. Simu ikaingia mara moja, muujiza. Mama akaniambia, "Nimeoga, nimevaa, nimekaa." Nikamwambia ukisikia gitaa tu, Mama, ndiyo wewe. Nikaelekeza simu kwenye spika, nikamtikisia mume wangu kichwa.

Kwa kuwa wimbo ulikuwa wa upole, akaweka ile kucha mfukoni, akapiga kwa vidole.

Kimya. Kile kimya chake safi alichokuwa anakionyesha wageni, sasa kimejaa ukumbi mzima.

Vidole vinakwenda, sauti haiji. Akaangalia waya. Akaangalia spika. Akainama, makalio kwa wageni, akachomoa na kuchomeka. Kila kitu alikishuku isipokuwa mpenzi wake kiboksi. Akapiga uzi mmoja kwa nguvu: tak! Ikatoka, ikakatwa shingo. Tak, halafu kimya. Mpiga besi alikuwa anamwonyesha kiboksi kwa kidevu, yeye hatazami. Kule mlangoni mdogo wangu alikuwa ameshika maua kwa mikono miwili, macho kwangu.

Nikaweka simu sikioni. Nikasikia sauti ya Mama ikimwambia mwalimu, "Imekatika hii." Na ikawa imekatika kweli, kwa mkono wa Mama mwenyewe. Tak, halafu kimya: mtu yeyote wa Muheza anajua hiyo ndiyo sauti ya simu iliyokufa. Ule mvumo alioudharau mume wangu, laiti ungekuwepo, ungemwambia Mama tupo, asubiri.

Nikapanda jukwaani na viatu vyangu vya harusi, nikalikanyaga lile geti kwa kisigino. Taa yake ikazimika. Ngrrr ikarudi, na nyuma yake wimbo wa Mama, kila noti. Nikarudi kwenye simu. Laini zote zina shughuli. Tena. Zina shughuli. Watu wakaanza kukohoa. Mwishowe nikatoa kigelegele mimi. Kilikuwa chembamba na kila mtu alijua si chenyewe. Mdogo wangu alitembea akitazama sakafu.

Kwenye gari nilikuwa nawaka. Mume wangu akaona aniliwaze. "Lakini kabla hujakanyaga," akasema, "uliona ilivyokuwa safi?" Namshukuru Mungu nilikuwa nimefunga mkanda.

Wiki iliyofuata nilimkalisha jikoni na redio kaseti. Arekodi ule wimbo, tumtumie Mama. Akaanza kutafuta kiboksi chake. Nikamwambia ukikigusa utalala Arlington. Akapiga na mvumo wake, friji inanguruma, mtoto wetu anakohoa chumbani, na mimi katikati nikimfokea asiharakishe. Kaseti ikapanda ndege na mtu wa ubalozini aliyekuwa anakwenda likizo.

Mama alipiga simu asubuhi moja, mdogo wangu yuko kwangu, amevaa sare, anasubiri lifti ya kazini. Nikampa simu. Mama akamwambia amesikiliza kaseti. Amesikia friji, amesikia mjukuu ana kifua, apewe tangawizi, amesikia na dada yako anavyomsumbua mume wa watu. Gitaa pia amelisikia. Halafu akauliza, "Umesimama?"

"Nimesimama, Mama."

Kigelegele kikatoka kwenye ile simu, nikakisikia nikiwa kwenye sinki. Mume wangu akaacha mkate wake. Mdogo wangu akaweka simu mezani bila kuikata, akajifuta macho kwa mkono wa sare, akatembea kutoka kwenye friji mpaka mlangoni kwa hatua za bibi harusi, taratibu, kisha akaenda kazini.