Mkunga na tochi zangu kumi na mbili

Mkunga wa Nyangezi hanunui tochi kwa macho. Huiwasha, akaigonga mara tatu kiganjani, taratibu, kama anayemcheulisha mtoto. Nilimpelekea tochi kumi na mbili nilizoziunda mwenyewe Bukavu, nikiwa nimevaa tai. Kumi zilizimika kwa pigo la kwanza.

"Betri haigusi vizuri, maman," nilieleza kitaalamu. "Ukigonga tena, itawaka."

"Papa, nikiwa nashika mutoto, nitagonga na mukono gani?"

Alifungua moja, akavuta springi kwa kucha, akaigonga. Haikuzimika. Akanirudishia zile nyingine tisa zilizozimika.

Nilikaa kwenye benchi la wajawazito nikivuta springi, nikihema na kutoka jasho, hadi mjamzito aliyekaa kando yangu akanihurumia.

"Na weye papa, yako iko ya miezi ngapi?"