Nusu ya Somo la Baba Watoto

Nilikuwa namenya ndizi, mikono imejaa utomvu, binti yetu alipoingia jikoni mchana na aproni ya kiwanda cha chai mkononi.

"Nimeachishwa kazi, Mama. Meneja anasema mimi na wenzangu ni hasara. Amesema nimsalimie Baba, ndiye aliyemfundisha."

Baba yake, aliyekuwa akisoma mlangoni, alivua miwani. Maisha yake yote ya kazi alikuwa chuoni, akitafiti na kufundisha uongozi na jinsi ya kuondoa upotevu wa muda na mali kazini.

"Niliwaambia wanafunzi waondoe upotevu, si watu," alisema. "Kila mwaka niliwaambia."

"Labda siku hiyo meneja hakuja," binti alisema.

"Alikuja. Alikuwa akikaa mbele kabisa."

Hakuna aliyecheka. Walimu mnaonisoma, mwanafunzi huondoka na kile kitakachomfaa akipata cheo. Hayo mengine huyaandika kwenye mtihani, akapewa alama, akayasahau.

Nilirudi kwenye ndizi zangu, nikapika. Jioni nilipakua ndizi na chinsaga, mboga zetu chungu za majani, nikahesabu watu mezani. Wote tulikuwepo. Tangu binti aajiriwe, ilikuwa mara ya kwanza tule jioni pasiwe na mtu wa zamu kiwandani.