Nailoni kwenye Kiti cha Mami

Kabiru alistaafu jeshini akiwa sajini, akajenga Lanet, na sifa aliyojipa mwenyewe ni kwamba hakuna kiumbe kilichowahi kumshinda kukinyoosha. Binti yake Natalie alipomletea mtoto wa mbwa na kumsihi, "Dadi, huyu analala ndani, usimtupe nje na hii baridi," alicheka. Mbwa, ndani? Haya basi. Sheria ikawa moja: Bosco akikojoa sakafuni, anasuguliwa pua kwenye mkojo wake, kisha anarushwa nje. Kwani mbwa hufunzwa vipi tena?

Na sakafu ikakauka! Kabiru akatamba kwa majirani mpaka wakamchoka.

Ila harufu ikabaki. Ilitoka karibu na dirisha, kwenye kiti cha mamake, Wariara, aliyekuja kuishi naye miguu ilipoanza kumsumbua. Siku akina mama wa kanisa walipokuja kuomba, mmoja alihama kutoka upande ule polepole, leso puani. Kabiru aliona, na uso ukamchoma.

Sasa mwanamume ataanzia wapi kumwuliza mama aliyemzaa habari za mkojo? Hakuuliza. Alichukua nailoni iliyokuja na godoro jipya, akaitandika kitini, akaifunika kwa shuka. Wariara alipoketi, nailoni ikalia. Alimtazama mwanawe kidogo, kisha akaendelea kuchambua maharagwe. Tangu siku hiyo akaacha chai ya jioni, na wageni wakija, alibaki chumbani. Kabiru akajisifu moyoni kwamba amelimaliza jambo kwa heshima.

Jumamosi moja alikuwa mlangoni akivua gambuti, kimya. Bosco akatoka jikoni, akaangaza huku na huku kama mwizi, akajipenyeza nyuma ya kile kiti na kukojolea pazia. Alipogeuka na kumwona bwana wake, alijilaza chini akafunika pua kwa miguu yake ya mbele.

Kabiru akasogeza kiti. Pazia lilikuwa na madoa ya manjano hadi usawa wa magoti, na rangi ya ukuta imebambuka. Aibu ilimshika. Alikuwa anaing'oa ile nailoni kwa mikono miwili aliposikia mkongojo wa mamake nyuma yake.

"Mami," alisema bila kugeuka, "kumbe ni mbwa."

"Najua. Mimi humwona kila siku."

"Na ukanyamaza? Ukakubali kukalia hii kitu?"

"Ningesema, ungemsugua pua."

Kabiru akaimalizia kuing'oa ile nailoni, akaikunja kwapani.

"Hata wewe ulikuwa unakojoa kitandani mpaka ukaanza shule," Wariara alisema, akiketi taratibu kwenye kiti ambacho sasa hakikulia. "Nilikuwa nakuamsha tu, nakupeleka nje, nakungoja."

Kabiru akamwinua yule mbwa, safari hii kwa upole, viganjani, akampeleka kwenye nyasi. Alisimama pale akimngoja, mgongo kwa nyumba, na hata Bosco alipomaliza na kumrukia miguuni, Kabiru hakuweza kugeuka, maana dirisha lilikuwa wazi na mamake alikuwa anamtazama.